Swali la Umbali: Niliyojifunza Nikiwinda Kulungu Idaho

Kila mwezi wa nane ukiingia, simu yangu huanza kupokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa ndugu zetu wa hapa Boise, Nampa na Twin Falls: "Kaka, mwaka huu na mimi naingia porini. Ninunue bunduki gani inayopiga mbali?" Wanaouliza wengi ni watu wa Kigoma kama mimi, Wakongomani wa Uvira na Fizi, na Warundi. Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja. Sasa nayaweka yote mahali pamoja, na gharama zake, kwa sababu jibu la swali lile sehemu ndogo tu iko kwenye bunduki. Sehemu kubwa iko kwenye upepo, kwenye mwili wa anayelenga, na kwenye skrubu ndogo ambazo watu wengi hawazitazami.

Nianze na kwa nini umbali unakuwa swali huku. Kulungu wa Magharibi ya Marekani, wale wenye masikio makubwa na ncha nyeusi mkiani, hupenda vilima vilivyo wazi, vyenye nyasi kavu na vichaka vya kijivu visivyofika kiunoni. Zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya Idaho ni ya serikali kuu, na sehemu kubwa ya hiyo unaingia na leseni yako bila kumwomba mtu ruhusa. Unapanda kilima gizani, unakaa na darubini ya mkononi, na kunapopambazuka mnyama unayemwona yuko ng'ambo ya korongo. Katikati hakuna mti wa kukusitiri. Moyo unakwambia piga kutoka hapohapo, na dukani tayari wamekuuzia bunduki kwa maneno kwamba inafika yadi elfu moja.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye, kama hajawahi kuwa na leseni ya uwindaji, lazima kwanza apite mafunzo ya wawindaji. Bei ya mkazi inampata aliyekaa jimboni angalau miezi sita. Leseni na tagi ya kulungu (kibali cha kuua kulungu mmoja) kwa pamoja hazikuwahi kunizidi dola 50. Mwenye grinikadi anaruhusiwa kununua bunduki: anajaza fomu ya serikali kuu dukani, anaonyesha namba yake ya uhamiaji, kisha jina lake linakaguliwa. Aliye nchini kwa viza ya muda, sheria yake ni nyingine kabisa, na ukiukaji wake ni kosa la jinai linaloweza kukufukuzisha nchini. Huyo asikubali kuazimwa bunduki na mtu, hata kwa siku moja, kabla hajazungumza na mwanasheria wa uhamiaji. Nasema hivi kwa sababu nimeona ndugu zetu wakipeana bunduki kirafiki kama vile ni jembe.

Sasa bunduki yenyewe.

Mjomba wangu alikuwa askari wa wanyamapori upande wa Katavi. Bunduki niliyoizoea utotoni ilikuwa .458, silaha ya kumsimamisha nyati au tembo aliyekuja kwa hasira. Nikakua nikiamini kwamba bunduki nzuri ni ile inayokutingisha bega. Wengi wetu tuna imani hiyo, na wauzaji wa huku wanaijua. Kazini walinishauri .300 Winchester Magnum, kaliba (yaani aina na ukubwa wa risasi) yenye sifa kubwa tangu 1963, na kweli inafika mbali sana. Aliyeniokoa ni mzee mmoja mstaafu, Mmarekani, anayejitolea kusimamia uwanja wa shabaha. Aliniazima yake nipige kidogo, halafu akaniazima ya pili, 6.5 Creedmoor, kaliba iliyotoka 2007. Kwa ile ya kwanza, kila nilipogusa triga nilikuwa nimeshafumba macho kabla risasi haijatoka. Ya pili teke lake ni kama nusu ya ile, na mara ya kwanza katika maisha yangu niliona kwenye darubini tundu likitokea kwenye karatasi.

Nilinunua hiyo ya pili. Sisemi kwamba ndiyo pekee. Ukiwa na .308 ya 1952, au .270 ya 1925, au .30-06 ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1906, usiiuze. Zote zimelisha familia huku kwa vizazi, na risasi zake zinapatikana hata kwenye duka la kijijini. Kipimo ni kimoja: je, unaweza kuipiga mara ishirini mfululizo bila mwili wako kuanza kuiogopa? Mwili ukishajifunza kushtuka, kuufundisha upya kunachukua msimu mzima.

Uzito nao una maneno. Bunduki nzito hutulia na teke lake hupungua, lakini utaibeba mlimani kutwa nzima. Idaho hairuhusu kuwinda wanyama wakubwa kwa bunduki inayozidi ratili 16 pamoja na kila kilichofungwa juu yake, yaani kilo saba na kitu, na katazo hilo liliwekwa kuwazuia watu wenye mizinga ya kupigia umbali wa ajabu. Yangu na darubini yake haifiki kilo nne na nusu. Mtutu wake ni mwembamba, kwa hiyo ukipiga risasi nyingi bila kupumzika unapata moto na risasi zinaanza kutawanyika. Nikipiga tatu naiacha wazi kivulini, nanywa chai, narudi.

Kwa anayetaka hesabu: bunduki ilinigharimu kama dola 650, darubini yake 500, vishikio vya darubini 80, na kipima umbali cha leza 300. Boksi la risasi ishirini za kuwindia ni dola 40 hadi 60. Hapo kwenye risasi ndipo watu wanapobana fedha, wakati ndiyo sehemu pekee ya matumizi inayomwongezea mtu ustadi. Kama una dola 1,500, heri ununue bunduki ya bei ya chini kuliko yangu, maana bunduki za kiwandani za siku hizi, hata za bei nafuu, zinapiga vizuri kuliko wengi wetu. Fedha inayobaki weka kwenye darubini inayoaminika na kwenye maboksi ya risasi ya aina moja. Aina moja, narudia. Kila aina ya risasi inapiga mahali pake, na ukibadilisha boksi umebadilisha bunduki.

Darubini usiichague kwa ukubwa wa kukuza. Wengi wanataka ile inayokuza mara 25, wakidhani kuona karibu ndiko kupiga karibu. Ukikuza sana, eneo unaloliona linakuwa dogo, na mnyama akipiga hatua mbili umempoteza. Yangu inakuza kutoka mara 3 hadi 15, na porini sijawahi kuhitaji kupita 10. Ninachokijali zaidi ni kwamba nikizungusha kitasa cha juu klik kumi, risasi ipande kwa kiasi kilekile cha klik kumi, na nikikirudisha, irudi palepale. Mimi natumia ile ya vipimo vya mili, ambayo klik moja ni sentimita moja kwa mita mia. Kwa mtu aliyesoma shule zetu, sentimita na mita zinaingia kichwani kirahisi kuliko inchi na yadi. Ila jueni kwamba viwanja na ramani za umbali huku ni vya yadi. Yadi 100 ni mita 91. Kipima umbali changu nimekiweka kwenye mita, nikaandika jedwali langu lote la kushuka kwa risasi kwa mita, na tangu hapo sibadilishi hesabu porini. Humu nitataja yadi kwa sababu ndizo mtakazozisikia.

Nije kwenye skrubu.

Darubini nilifungiwa na duka moja hapa mjini, wakaniambia iko tayari. Uwanjani, kwa yadi 100, matundu yangu matatu ya kwanza yalikaa pamoja vizuri. Matatu yaliyofuata yalihamia kushoto. Mengine yakapanda juu. Nikadhani ni mkono wangu. Nikabadilisha aina ya risasi, kisha nyingine, kisha nyingine, na kwa bei nilizozitaja unaweza kuona fedha zilivyokuwa zinayeyuka. Nikaanza kulala nikiwaza kama kweli kazi hii ni ya watu wa aina yangu. Yule mzee wa uwanjani alikuwa akinitazama kwa mbali; mwishowe akaja, akaomba bunduki ikiwa tupu. Hakulenga hata kidogo. Aliweka kidole gumba pale chuma cha kushikilia darubini kinapokutana na mwili wa bunduki, akaishika darubini kwa mkono wa pili, akaisukuma kando polepole. Akaniambia niweke kidole changu. Nikahisi kitu kikicheza, chembamba kama unene wa karatasi.

Skrubu za chini, zile zinazofichwa na darubini yenyewe, zilikuwa zimekazwa kwa mkono tu na zilikuwa na mafuta. Mchezo wa unene wa karatasi pale juu unatosha kuhamisha risasi sentimita kadhaa kwa yadi 100. Tuliifungua yote juu ya meza, tukafuta mafuta kwa spiriti, tukatia tone dogo la gundi ya skrubu kwenye zile za chini, tukakaza kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, kila skrubu kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji wa vishikio. Za juu, zinazoibana darubini, zinakazwa kwa nguvu ndogo zaidi, kwa zamu, upande huu na upande ule, kwa sababu ukizidisha unaibonyeza bomba la darubini na vioo vya ndani vinakwama. Kisha akachora alama ya kalamu nyeupe kuvuka kila kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma, ili ikilegea siku yoyote uone alama imekatika. Siku hiyohiyo bunduki ilitulia. Bisibisi ile ni kama dola 60, na ningeinunua kabla ya kitu kingine chochote.

Bunduki ikishatulia, ndipo unaweza kujua inapiga vipi, na hapa kuna udanganyifu ambao hata watengenezaji wanauendeleza. Utasikia "inapiga inchi moja kwa yadi mia". Wanamaanisha risasi tatu zilizokaa vizuri. Risasi tatu ni chache mno. Ukipiga kumi kwenye karatasi ileile, kundi la matundu kwa wastani linakuwa kubwa kwa zaidi ya nusu kuliko la tatu, bila bunduki kubadilika hata kidogo, kwa sababu tatu hazijapata nafasi ya kuonyesha mtawanyiko wote. Yangu kwa tatu ilikuwa ikinipa sentimita mbili na nusu. Kwa kumi, nikiipumzisha katikati, ilinipa karibu nne. Nne ndiyo kweli yake, na hiyo ndiyo niliyoiandika.

Ukishajua kweli yake, hesabu ni ya darasa la tano. Sentimita 4 kwa yadi 100 ni 8 kwa 200, 12 kwa 300, 16 kwa 400. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu ni duara la sentimita 20 hadi 25. Kwa karatasi, basi, bado niko ndani hata kwa yadi 400. Lakini hayo ni matundu ya mtu aliyekaa mezani, bunduki imelazwa juu ya mifuko ya mchanga, hakuna upepo, na moyo hauendi mbio.

Kushuka kwa risasi hakunitishi. Nimeiziro bunduki kwa yadi 200, yaani nimeirekebisha darubini ili kwa umbali huo risasi igonge palepale ninapolenga. Kwa 300 inashuka karibu sentimita 20, kwa 400 zaidi ya nusu mita, kwa 500 zaidi ya mita moja. Ni nyingi, lakini ni zilezile kila siku, na kipima umbali pamoja na jedwali vinakupa jibu. Kinachohitaji uangalifu ni kupima mnyama mwenyewe. Leza ikipita juu ya mgongo wake ikagonga kilima cha nyuma, umepewa umbali wa kilima. Pima mara mbili tatu, kisha pima kichaka kilicho karibu naye. Na ukipiga kuelekea chini bondeni au juu mlimani, kinachohesabika ni umbali wa ulalo wa ardhi tambarare: kwa mteremko wa nyuzi 30, yadi 400 za leza zinapigwa kama 346. Vipima umbali vingi vya sasa vinafanya hesabu hiyo vyenyewe, mradi umewasha hiyo sehemu.

Upepo ndio unaofanya nilale na mawazo. Upepo wa ubavuni wa maili 10 kwa saa, ule unaotikisa majani na matawi madogo bila kuacha, unaisukuma risasi yangu karibu sentimita 13 kwa yadi 300, karibu 24 kwa 400, na karibu 40 kwa 500. Angalia jinsi namba zinavyoruka. Sasa kosea kidogo tu: wewe umekadiria maili tano, kumbe ni kumi. Kwa yadi 200 hutagundua. Kwa 400 umeshahama sentimita 12, na hiyo peke yake inakutoa katikati ya mapafu hadi ukingoni, kabla hujaongeza mtawanyiko wa bunduki na kutetemeka kwako. Kwa 500 umempiga tumboni. Tena korongoni kuna pepo tatu: ulipo wewe unavuma hivi, katikati unapanda kufuata joto la jua, na alipo mnyama nyasi zimelala upande mwingine. Kifaa cha kupimia upepo cha dola mia na kitu kinakueleza ulio usoni kwako tu. Nimejifunza kukitumia kama mwalimu: nakadiria kwanza kwa ngozi na kwa nyasi, ndipo nakiangalia kunisahihisha. Baada ya muda macho yenyewe yanakuwa makali.

Mazoezi yangu nimeyahamisha kutoka mezani kuja chini. Nachukua sahani za karatasi za sherehe, zile za sentimita 23, natundika moja kwa yadi 100, moja 200, moja 300. Nakimbia hadi kwenye gari na kurudi ili moyo uende kasi, kisha najilaza nyuma ya begi langu la mgongoni na kupiga. Halafu nakaa kitako, bunduki juu ya fito mbili. Halafu napiga magoti. Umbali ambao risasi zote zinaingia kwenye sahani kwa mkao fulani ndio umbali wangu kwa mkao huo, na ule ambao moja tu imetoka, si wangu. Nikilala nyuma ya begi, upepo ukiwa mdogo, umbali wangu ni 300. Nikikaa na fito, 200. Kwa magoti, 100 na kidogo. Kusimama bila egemeo sipigi mnyama. Nyumbani, wakati wa baridi, nafanya zoezi lisilo na gharama: bunduki tupu, nimekagua chumba cha risasi mara mbili, risasi zote ziko chumba kingine, nalenga doa ukutani na kufyatua polepole nikitazama kama msalaba wa darubini umetikisika. Nyumba yenye watoto, zoezi hilo lifanyike wakiwa wamelala au hawapo.

Kuna kulungu mmoja ambaye lazima nimwelezee, ingawa naona uzito kuandika.

Mfanyakazi mwenzangu, mtu mpole na mwenye uzoefu kuliko mimi, alinichukua upande wa kusini, kwenye makorongo ya Owyhee. Jioni tukaona dume ng'ambo, yadi 450 kwa leza. Alikuwa na bunduki nzuri, darubini ya bei kubwa, jedwali lake limebandikwa kwenye kitako. Mimi nilishika darubini ya mkononi. Alipofyatua, nilimwona kulungu akijikunja mgongo juu, akatembea kwa hatua fupi, kichwa chini, akaingia vichakani. Aliyewahi kuona mnyama akijikunja namna ile anajua: tumbo. Risasi ya masafa hayo inachukua zaidi ya nusu sekunde kufika, na upepo wa bondeni, ambao sisi juu hatukuusikia, ulikuwa umeikokota nyuma.

Ikatuchukua karibu saa nzima kushuka na kupanda. Tulipofika ng'ambo, kila kichaka kilifanana na kingine. Hatukujua alikuwa amesimama wapi. Giza likaingia. Tulitambaa na tochi tukitafuta damu na kupata matone machache, kisha hakuna. Mwenzangu hakutaka kurudi garini. Alikuwa akisema "samahani, samahani" kwa sauti ya chini, akimwambia yule mnyama. Tulimkuta asubuhi, mbweha wa huko wameshamla nusu. Alikata tagi yake kama sheria inavyotaka na msimu wake ukaishia hapo. Nilimwonea huruma sana, na nilimwonea huruma zaidi yule kulungu aliyekaa na jeraha usiku kucha kwenye baridi ile.

Kwa hiyo nikisema mpaka wangu ni 300, mjue nimeuchukua wapi. Na kuna mambo ya kufanya ambayo siku hizi sianzi bila hayo, hata kwa umbali mfupi. Kabla ya kupiga, piga picha ya kilima kwa simu na uzungushie alama mahali alipo, au weka alama kwenye ramani ya simu kwa umbali na mwelekeo uliopima. Mkiwa wawili, mmoja abaki palepale mlipopigia amwongoze mwenzake kwa mkono au kwa redio. Kutoka ng'ambo mambo yanaonekana tofauti kabisa. Ukishapiga, pakia risasi nyingine papo hapo, usiinue kichwa kushangilia. Na kama hujamwona akianguka, subiri angalau nusu saa kabla ya kumfuata. Ukidhani ni tumbo, subiri saa nyingi. Ukimfuata mapema anainuka na kwenda mbali zaidi.

Soma pia boksi la risasi yako. Risasi ya kuwindia inaua kwa kufunguka ndani, na ili ifunguke inahitaji mwendo wa kutosha inapofika. Watengenezaji hutaja mwendo wa chini kabisa. Zile za shaba tupu, ambazo mimi natumia kwa sababu haziachi vipande vya risasi ya madini ya ledi kwenye nyama ya watoto wangu, zinataka mwendo mkubwa zaidi. Unaweza kumgusa mnyama kwa umbali ambao risasi inapita kama sindano na kutoka.

Msimu uliopita niliona dume zuri kwa yadi 420, limesimama ubavu kabisa. Jirani yangu, mzee wa Uvira, alikuwa kando yangu. Aliniuliza kwa kunong'ona, "Mdogo wangu, huyu humpigi?" Nikamwonyesha nyasi zilivyolala kule ng'ambo. Tukarudi nyuma ya mgongo wa kilima, tukazunguka kufuata mkondo mkavu, upepo ukiwa usoni kwetu, tukatambaa mwisho mwisho tukisukuma mabegi mbele. Jua lilikuwa limepanda tulipochungulia. Alikuwa amelala. Tukangoja mpaka alipoinuka mwenyewe, yadi 160, nikasema bismillah, risasi ikaingia nyuma ya bega. Alikwenda hatua chache akaanguka. Mzee alinishika bega na hakusema kitu kwa muda.

Kwa Waislamu wenzangu: nilimuuliza ustadhi wetu kabla ya kuanza, na masheikh wengi wa zama hizi wanaihesabu risasi kuwa kitu kinachotoboa, hivyo aliyetajiwa jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua na akafa kwa jeraha hilo ni halali; ukimkuta bado ana uhai unamchinja. Nabeba kisu kikali mfukoni, si ndani ya begi. Hapo nako usahihi unaonekana maana yake: aliyeanguka mbele ya macho yako hana shaka, aliyepotea vichakani usiku kucha unamla ukiwa na maswali.

Baada ya hapo ni kazi ya nyama. Mfungue mara moja, mgawe robo, weka kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, tundika kivulini. Dume mkubwa akitolewa mifupa anaweza kutoa kilo 30 hivi za nyama, na kuzipandisha kutoka korongoni ni sababu nyingine ya kuchagua mahali pa kupigia kwa akili. Ugonjwa wa ubongo wa kulungu, ule unaowakondesha hadi kufa, ulithibitishwa Idaho mara ya kwanza mwaka 2021, kwa hiyo napeleka sampuli ya tezi za shingo ipimwe na nyama inakaa kwenye friza hadi majibu yaje. Ripoti kwa idara ya wanyamapori ya jimbo inatakiwa ndani ya siku 10 baada ya kuua, na hata asiyeua anaripoti msimu ukiisha.

Theluji ikishaondoka kwenye uwanja wa shabaha, mwezi wa nne hivi, tutaanza tena na sahani za karatasi, mimi na mzee wa Uvira na vijana wawili wa Nampa. Anayetaka kujiunga asinunue kitu kwanza. Aje na vizuia sauti vya masikioni na boksi moja la 6.5 Creedmoor, bunduki tutapokezana palepale uwanjani (isipokuwa aliye kwa viza ya muda, kama nilivyosema mwanzoni), na bisibisi ya kukazia skrubu ninayo.